Kabla hujalipia gari dogo la mtumba, soma namba ya chesisi

Watu wa Mbeya tukienda kukagua gari la mtumba, tunafungua boneti, tunasikiliza injini, tunatazama moshi, kisha tunapanda nalo Mlima Nyoka tuone kama litachemsha. Ni vizuri. Ila kuna ubovu ambao hata fundi hodari hausikii wala hauoni, kwa sababu gari lilitoka nao kiwandani. Huo ndio ninaowasihi muutafute kwanza.

Nasema hasa eabegi, ile mifuko ya upepo ya kukukinga ukigonga, zilizotengenezwa na Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitumia kemikali ya amonia nitreti kujaza mfuko upepo wakati wa ajali. Joto na unyevu vikiichakaza kemikali kwa miaka, siku ya kugongana hulipuka kupita kiasi, mkebe wake wa chuma unapasuka, na vipande vinaruka usoni na shingoni. Hata ajali ndogo, ambayo ungetoka mzima, inaweza kukuua. Duniani kote eabegi takriban milioni 100 ziliitwa zibadilishwe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Baadhi ya Vitz na Corolla za miaka ya 2000 zimo. Taa ya dashibodi haiwaki kukuonya. Wala tusijifariji na baridi yetu: gari limepitia viangazi vya Japani, pengine limeishi Dar, na kesho utashuka nalo Kyela.

Shemeji yangu alikuwa karibu kulipia gari kwa dalali pale Soweto. Nikaomba kadi, nikalinganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye bodi, nikaiandika yote, pamoja na kistari chake, kwenye tovuti ya Japani ya kampuni iliyoliunda. Simu ikatafsiri. Eabegi ya abiria iliitwa ibadilishwe, na haikubadilishwa. Kiti hicho angekalia dada yangu, naye alikuwa mjamzito. Dalali akasisitiza gari halina shida, taa zote zimezima. Tukaliacha.

Ukiagiza mwenyewe, kagua namba kabla gari halijapakiwa melini, umdai muuzaji karatasi ya marekebisho; Japani kazi hiyo hufanywa bure. Kama tayari unalo, peleka namba kwa wakala rasmi wa kampuni iliyounda gari. Tafadhali sana, usifungiwe eabegi iliyochomolewa kwenye gari jingine kuukuu. Inaweza kuwa na ubovu uleule.

Jambo la pili ni swichi ya kupandisha na kushusha vioo vya milango, upande wa dereva. Oktoba 2012 Toyota iliita magari takriban milioni 7.4 yarudishwe kurekebishwa, Vitz zikiwemo, kwa sababu grisi ya swichi hiyo haikupakwa sawasawa kiwandani. Swichi inakuwa nzito, inakwaruza. Gereji zetu nyingi huipulizia oili ya kopo, na hapo ndipo hatari inapoongezeka: swichi inaweza kuyeyuka na kutoa moshi, hata kuwaka. Fundi akishika kopo, mzuie. Kagua namba ya chesisi kwanza, na kama swichi imeharibika, ibadilishwe nzima.