Indiketa Iwake Hata Njia Ikiwa Tupu

Kila kijana ninayemkalisha kwenye usukani huniuliza suali lile lile kabla hajamaliza wiki: "Mwalimu, kama nyuma hakuna mtu na mbele hakuna mtu, indiketa namuwashia nani?" Mara nyingi huniuliza tukiwa njia ya Tunguu, hapa Unguja, saa nne za asubuhi, lami tupu, hata baskeli haionekani. Suali si la kijinga. Mimi mwenyewe kwa miaka niliamini kuwa jibu lake ni "hakuna", nikawa nawasha nikimuona mtu na nisipomuona naacha.

Wakati huo nilikuwa naendesha gari ya abiria ya njia ya Nungwi, namba 116. Siku iliyonibadilisha mawazo nilikuwa kwenye safari ya kwanza ya kwenda mjini, baada ya sala ya alfajiri, bado kiza kiza. Tumeshapita Kinyasini, twaelekea Mahonda. Kulikuwa na bibi mmoja, kila Jumamosi hunisubiri ndani kidogo ya njia ya udongo na magunia yake mawili ya muhogo, nami nilizowea kukata kulia nikamchukue. Nikatazama kioo: cheusi, hakuna taa. Nikapunguza mwendo, nikakunja. Nikasikia bati linagongwa ubavuni mwangu, karibu kabisa na mlango, na sauti ya mtu akisema "Yaa Rabbi".

Alikuwa muuza samaki, na Vespa yake, tenga nyuma, anawahi soko. Taa yake ya mbele ilikuwa imekufa, kwa hivyo alikuwa anafuata taa zangu. Aliponiona napunguza alidhani nasimama kushoto kushusha mtu, kama gari za abiria zinavyofanya, akatoka kulia anipite. Alivunjika mkono, juu kidogo ya kifundo. Nakumbuka vibua vimetapakaa kwenye lami, vinang'aa kwa taa za gari, na yeye kakaa pembeni kaukumbatia mkono wake, ananiomba niviokote kabla gari nyengine haijavikanyaga. Nikaviokota kimoja kimoja. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata tenga nilishindwa kulifunga.

Waliokuwepo walisema kosa ni lake, mtu gani anatembea usiku bila ya taa. Kweli hakuwa na taa, lakini macho alikuwa nayo. Taa yangu ya njano ya upande wa kulia, kama ingewaka mara tatu nne tu, angebaki nyuma yangu na vibua vyake vingefika mjini.

Basi jibu ninalowapa wanangu ni hili: unamuwashia usiyemuona. Unayemuona unaweza kumngojea, kumpigia honi, au kumwashiria kwa mkono. Usiyemuona hana msaada mwengine kwako isipokuwa taa ile. Na gari ina mahali pengi pa kuficha watu. Nguzo iliyo baina ya kioo cha mbele na mlango inameza mtu na baskeli yake. Kioo cha pembeni hakikuonyeshi kitu kilichokwisha kukaribia bega lako. Mzigo ukijaa nyuma, kioo cha kati hakina kazi tena. Ukisema "hakuna mtu", ulichokijua ni kwamba hujamuona mtu.

Kuwasha peke yake hakutoshi, lazima uwashe mapema. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Aliye nyuma yako anahitaji aione taa, aifahamu, kisha mguu wake ufike kwenye breki. Ukimpa sekunde tatu umempa mita kama 40, na hapo unamsaidia. Wanafunzi wengi huwasha wakati tairi zimeshaanza kugeuka. Taarifa inayofika pamoja na jambo lenyewe haimfai mtu kitu.

Mpangilio wangu ni huu, na nataka uingie mwilini mpaka usiufikirie: kioo, indiketa, breki, kioo tena, geuza shingo utazame juu ya bega, ndio usukani. Breki nimeiweka baada ya indiketa kwa makusudi. Ukitangulia kufunga breki, aliye nyuma anajua unapunguza lakini hajui kwa nini, na atakisia. Yule wa Vespa alikisia. Na huku kwetu gari nyingi ni za Kijapani, kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia. Ukipewa gari ya Ulaya kijiti kiko kushoto, na utawasha waipa badala ya indiketa. Kabla hujaondoa gari usiyoizowea, jaribu kwanza ukiwa umesimama.

Kuna jambo madereva wa abiria hawalipendi nikilisema, na nimekuwa mmoja wao muda mrefu: indiketa haikupi njia. Pale Darajani utamuona dereva kamaliza kupakia, utingo kagonga bodi, taa ya kulia inawaka na gari inatoka kwa pamoja, kama kwamba taa imewaamuru wenzake wote nyuma wasimame. Taa ni kuwaambia unataka kutoka. Kutoka utatoka ukipewa nafasi, na ukishapewa, nyanyua mkono ushukuru. Kuna watu watakupisha kesho kwa sababu ya mkono ule.

Kwenye mzunguko, mfano Michenzani, naona watu wengi wanazima kabisa kwa kuogopa kukosea. Sisi tunazunguka kama mishale ya saa. Ukitaka njia ya kwanza ya kushoto, washa kushoto tangu hujaingia. Ukinyoosha, ingia bila ya taa, na ukishaipita njia iliyo kabla ya yako washa kushoto. Ukitaka kulia au kurudi ulikotoka, ingia na taa ya kulia, kisha badilisha kushoto unapokaribia kutoka. Hiyo taa ya kutokea ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo anayoingojea yule aliyesimama na mguu kwenye klachi hajui aingie au asiingie.

Kuzima nako ni nusu ya kazi. Kwenye gari, usukani ukirudi kijiti hujirudi chenyewe, lakini ukikunja kidogo tu, au ukihama upande wa njia, hakirudi. Vespa na pikipiki nyingi hazina kabisa habari ya kujizima. Ni kidole chako. Mtu anatoka Amani anafika Mwanakwerekwe taa ya kushoto bado inapepesa. Wewe uliye kwenye njia ya pembeni ukiona taa ile unasema huyu anaingia kwangu, unatoka, na yeye ananyoosha. Kwa hivyo ukiwa unangojea kutoka, usiiamini taa peke yake. Tazama tairi ya mbele na tazama mwendo: anayetaka kukunja kweli huwa ameshapunguza. Nawe unayepanda Vespa, kila ukimaliza kona bonyeza kuzima, hata kama hukumbuki kuwa uliwasha.

Taa zote nne, hazadi, nakuombeni sana muziache kwa gari iliyosimama au iliyoharibika. Wapo wanaoziwasha wakitaka kunyoosha kwenye makutano, eti kuonyesha "naenda moja kwa moja". Aliye upande wako wa kulia anaona kona moja tu ya gari yako, na kona hiyo inawaka; kwake yeye unakunja kwake. Wapo wanaoziwasha wakati wa masika mvua ikishuka. Mvua inataka taa za mbele za kawaida. Ukiwasha zote nne, ukitaka kukunja utamwambia nani na taa zako zote zimeshasema?

Sasa lile ambalo linanitia hofu kuliko yote. Nilikwenda Pemba kumfundisha mtoto wa dada yangu, tukawa njia ya zamani ya Chake kwenda Wete. Mnaijua njia ile: milima midogo midogo, kona juu ya kona, migomba na mikarafuu inaziba macho. Mbele yetu lori la mchanga linapanda pole pole. Dereva wake akawasha taa ya kushoto. Kijana akaniambia, "Mjomba, anatupa njia," na mguu wake umeshakanyaga mafuta. Nikamshika mkono. Lori likakunja kushoto, likaingia njia ya machimbo, na hapo ndipo tulipoiona gari ndogo inashuka kutoka juu.

Lugha ile ya njia kuu, kushoto maana yake "pita", kulia maana yake "usipite, mbele kuna gari", inasemwa na madereva wengi wazuri wenye nia njema. Lakini taa ni ile ile moja. Huwezi kujua kama anakupa njia, anakunja, au amesahau kuzima. Na mgeni aliyekodi gari jana, huko kwao anaendesha upande wa kulia, hajawahi hata kuisikia lugha hiyo. Ukiwa mbele, usimkaribishe mtu kupita kwa taa. Punguza, sogea kushoto, naye ataamua kwa macho yake. Ukiwa nyuma, usipite kwa macho ya mwengine. Taa ya kulia ya aliye mbele, hiyo iheshimu kila mara, kwa sababu maana zake zote mbili zinakutaka ubaki nyuma.

Mwisho ni taa zenyewe. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na soketi za balbu hushika kutu upesi. Kila asubuhi washa kushoto, zunguka gari, washa kulia, zunguka tena. Jua la saa saba likipiga kwenye taa kuukuu iliyopauka, haionekani hata kwa hatua kumi, basi toa na mkono dirishani. Ukiwa njiani, sikiliza. Indiketa nzima hulia kwa utulivu, kiasi cha mara 60 hadi 120 kwa dakika. Ukisikia upande mmoja unalia haraka haraka kuliko mwengine, mara nyingi balbu moja ya upande huo imekufa, na aliye nyuma au mbele yako haoni chochote. Simama palipo salama, shuka, uitafute ni ipi.