Maswali ya Wasomaji: Nahau za Kiingereza kuhusu mwonekano

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili. Aliandika insha ya Kiingereza kuhusu mzee wa kandambili aliyedharauliwa mapokezi, kumbe ni profesa. Akamalizia kwa “All that glitters is not gold”. Mwalimu kakata alama. Kosa liko wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu yuko sahihi. Methali hiyo huelekea upande mmoja tu: nje panavutia, ndani hamna kitu. Ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), mwana wa mfalme wa Moroko anachagua kasha la dhahabu ili amwoe Portia, msichana anayemposa. Akilifungua anakuta fuvu na karatasi yenye maneno hayo. Shakespeare aliandika “glisters”, lakini siku hizi husemwa “glitters”, na binti aandike hivyo. Maana yake ni “si kila king’aacho ni dhahabu”, ingawa mpangilio wa maneno ya Kiingereza unaweza kumfanya mtu adhani hakuna king’aacho ambacho ni dhahabu.

Mzee wa kandambili alistahili “You can’t judge a book by its cover”. Hiyo inafaa pande zote mbili, kwa profesa aliyevaa hovyo na kwa tapeli aliyevaa suti. Angalia “its”: haina ritifaa (alama ya ’), na wanafunzi wengi hupoteza alama hapo.

Kama mzee mwenyewe angekuwa na maneno makali lakini moyo mwema, Waingereza wangemwita “a rough diamond”. Wamarekani husema “a diamond in the rough”, nao mara nyingi humaanisha mtu mwenye kipaji ambacho bado hakijanolewa.

SWALI: Naenda kwenye usaili wa kazi hotelini. Nahau zenye “foot” zinanichanganya. Nitumie ipi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usitumie hata moja mbele ya jopo, ila zielewe ukizisikia. “Put your best foot forward” ni kujitahidi kuonyesha ubora wako. “Get off on the wrong foot” ni kuanza vibaya, hasa uhusiano na mtu, na mtu huyo hutanguliwa na “with”: “I got off on the wrong foot with my supervisor.” “Put your foot in it” ni kuropoka neno la kuaibisha, mathalani kumuuliza mwenzako habari za mumewe kumbe wameachana juzi.

Kwenye usaili sema wazi: “I want to make a good impression on our guests.” Ni “on”, si “to” wala “for”. Sisi huteleza hapo kwa sababu “kwa” yetu inabeba kazi nyingi mno.

Ukiulizwa unamwonaje mtu, jibu “He strikes me as honest” au “He comes across as honest”. Usiiache “as”. Wala usiseme “He is striking me”, maana hapo umesema anakupiga.

SWALI: Mgeni niliyempokea uwanja wa ndege wa KIA aliona kibao chenye jina lake akaniambia “You’re a sight for sore eyes!” Alinitukana? – Msomaji, Moshi

JIBU: Hapana, alifurahi mno kukuona. Macho yanayouma ni yake, si yako, na kukuona kumeyatuliza.

Tusi liko karibu, hata hivyo. “Eyesore”, neno moja, ni kitu kinachochukiza kutazama, hasa jengo. Mwingereza akikuambia “You look a sight”, nenda kwenye kioo: nywele au nguo zimevurugika.

Tahadhari pia na “homely”. Uingereza, nyumba “homely” ni yenye starehe ya nyumbani. Marekani, mtu “homely” ni mwenye sura isiyovutia. Ukitaka kuisifu nyumba ya Mmarekani, sema “homey”.