Tairi za pikapu: soma ubavu kabla ya kuuliza bei

Ukianza kazi ya udereva, au ya kusimamia magari ya ushirika, shule au mradi hapa Uganda, haitachukua muda kabla hujatumwa kununua tairi. Utafika Kisekka au kwenye duka lolote la spea mjini, utaonyeshwa tairi nyeusi zinazong'aa, na neno la kwanza litakalokutoka ni "bei gani?" Hilo liache mwisho. Anza kwa kujiuliza pikapu inabeba nini, na siku nyingi za mwezi inapita wapi. Ukishajua hayo mawili, tairi nyingi ulizoonyeshwa zitajiondoa zenyewe.

Maandishi ya ubavuni

Chukua 265/65R17 112S, saizi ya Hilux nyingi za kebini mbili. 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 65 ya huo upana, yaani karibu milimita 172. R ni radial, muundo wa karibu tairi zote za sasa. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 si kilo. Ni namba ya kwenye jedwali, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni mwendo, hadi kilomita 180 kwa saa. Herufi ya mwendo isikuumize kichwa, maana hakuna kipande cha barabara ya Gulu ambapo mtu mwenye akili timamu ataendesha pikapu hivyo. Namba ya mzigo ndiyo ya kukodolea macho.

Chache za kuandika kwenye daftari: 96 ni kilo 710, 100 ni 800, 104 ni 900, 106 ni 950, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250, na 120 ni 1,400. Ukikuta mbili pamoja, kama 110/108, ya kwanza ni ya gurudumu la tairi moja, ya pili ni ya tairi pacha kama za nyuma ya lori. Pikapu hutumia ya kwanza.

Sasa tazama herufi moja inavyoweza kuharibu kazi. Pikapu ndogo inavaa 205/70R15C yenye 106/104; hiyo C ni alama ya tairi ya gari la mizigo. Dukani kuna 205/70R15 bila C, yenye 96, na ni nafuu. Rimu ni ile ile, saizi ni ile ile, inaingia vizuri kabisa. Tuseme ekseli ya nyuma ina kilo 650 gari likiwa tupu. Pakia mifuko 20 ya saruji ya kilo 50: hiyo ni tani nzima, na karibu yote inakalia nyuma. Jumla kilo 1,650. Tairi mbili za C zinahimili kilo 1,900, umebaki na nafasi. Tairi mbili za 96 zinahimili 1,420, tayari umezidisha kilo 230 kabla turnboy hajapanda juu ya saruji.

Tairi iliyozidiwa haipasuki palepale. Ubavu unajikunja kupita kiasi kila mzunguko, joto linapanda, tabaka za ndani zinaanza kuachana. Inavumilia barabara ya kijijini kwa sababu mwendo ni mdogo. Inakuja kupasuka kwenye lami, saa saba mchana, gari likiwa kwenye 100. Watu watasema ilikuwa feki. Mara nyingi ilikuwa halali kabisa, ila ya gari dogo la abiria.

C, LT (ya pikapu na malori madogo), 6PR na 8PR zote zinazungumzia nguvu ya mwili wa tairi. Zamani PR ilihesabu tabaka za nyuzi za pamba. Leo ni kipimo cha nguvu tu, kwa hiyo 8PR haina maana ya tabaka nane ndani. Kwa pikapu inayobeba matooke, jerikeni za maji au magunia ya mahindi kila wiki, usishuke chini ya namba ya mzigo iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kupanda ruhusa, kushuka hapana.

Saizi: usihame bila hesabu

Kibandiko hicho hicho kinataja saizi za gari lako. Ukitaka kuhama, linganisha kimo kizima cha tairi: rimu kwa inchi mara 25.4, jumlisha kimo cha ubavu mara mbili. 265/65R17 inatoa milimita 776. 265/70R16 inatoa 777, na 265/60R18 inatoa 775. Hizi tatu ni ndugu, zinabadilishana mradi una rimu yake. Lakini 285/70R17, ambayo vijana huipenda kwa sababu gari "linasimama", inatoa 831. Hiyo ni asilimia 7 zaidi: mshale wa spidi unaonyesha 100 wakati unakwenda 107, gari linakuwa zito kupanda, breki zinafanya kazi zaidi, na usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi inasugua plastiki ya ndani ya madigadi. Ukivuka asilimia 3 umeshatafuta kazi nyingine.

Meno ya tairi na barabara yako

Kuna HT ya lami, AT ya mchanganyiko, na MT ya matope. Wengi wanaouliza MT hawaihitaji. Pikapu inayokaa Kampala na kwenda Mbarara au Mbale kwa lami, ikiingia maramu (barabara ya udongo wa changarawe) kilomita chache tu, inatosha na HT nzuri. Ukizoea kushinda maramu, HT itakuumiza: kokoto zinakwangua meno vipande vipande na mifereji yake haina kina cha kutosha mvua ikinyesha. Hapo AT ndiyo tairi, na kwa maoni yetu ndiyo jibu la pikapu saba au nane kati ya kumi za nchi hii.

MT inafaa anayeishi kwenye utelezi: njia za mlimani za Bwindi, mashamba yasiyo na changarawe, sehemu ambako mvua ikinyesha asubuhi hutoki mpaka jioni. Bei yake si ya dukani pekee. Inapiga kelele, inakula mafuta, inaisha haraka kwenye lami, na breki yake kwenye lami iliyolowa ni ndefu kuliko ya HT. Tena usidanganyike: udongo mweusi wa Karamoja ukishalowa unajaza mifereji ya tairi yoyote na kuigeuza kipara. Pale subira na koleo vinashinda meno. Kinachoua tairi Karamoja ni miiba, na Kisoro ni mawe makali ya volkano. Kwa sehemu hizo tafuta ubavu imara zaidi kuliko meno makubwa.

Kuna mtego wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Baadhi yanafika na tairi za barafu. Zinaonekana nzuri, meno yamejaa mikato myembamba kama ya wembe, na ubavuni pameandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi; kwenye joto letu unayeyuka kama kifutio, na gari linayumba likibeba mzigo. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake si tatizo, AT nyingi zinayo.

Dukani, kabla hujatoa pesa

Tafuta herufi DOT ubavuni na ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Ubavu mmoja unaweza kuwa na DOT bila hizo tarakimu nne. Geuza tairi uangalie upande wa pili. Tarakimu tatu tu maana yake ni tairi ya kabla ya mwaka 2000, iache hapo hapo. Mpira unazeeka hata kama haujagusa barabara, hasa ukianikwa juani mbele ya duka. Tairi ya miaka miwili iliyokaa kivulini si mbaya. Ikifika minne omba punguzo au ondoka. Mitumba ya zaidi ya miaka sita usiichukue hata kama meno yamejaa.

Ingiza mkono ndani ya tairi. Pitisha vidole kwenye ukingo wenye waya, ule unaokaa kwenye rimu, mzunguko mzima. Kuna tairi zinazosafirishwa zikiwa zimeshindiliwa moja ndani ya nyingine ili kontena libebe nyingi. Ukingo unakunjwa, na waya ukishavunjika tairi haitakaa sawa wala kushika upepo. Ukihisi kona au mkunjo mkali, rudisha. Ukikuta unga mweusi wa mpira ndani, tairi hiyo iliwahi kukimbizwa bila upepo na ubavu wake umekwisha, hata kama nje imepakwa dawa ya kung'arisha.

Halafu mchezo wa kuchonga. Tairi kipara inachukuliwa, mtu anakata mifereji mipya kwa kisu cha moto, anapaka rangi nyeusi. Utaijua hivi: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonyesha kikomo cha milimita 1.6. Kwenye tairi iliyochongwa vinundu hivyo vimekatwa au havipo, kingo za mifereji zina alama za kisu, na chini ya mfereji unaweza kuona nyuzi. Usinunue hata ya kuweka spea.

Bei sasa. Igawanye kwa kilomita. Tuseme tairi moja ni shilingi 500,000 na inakwenda kilomita 30,000. Nyingine ni 750,000 na inakwenda 60,000. Ya kwanza inakula karibu shilingi 17 kwa kilomita, ya pili 12.5. Kumweleza bosi hesabu hii ni rahisi kuliko kumweleza kwa nini umerudi kuomba pesa tena baada ya mwaka. Dai risiti ya EFRIS, yaani ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi (URA), na uombe tarehe za DOT ziandikwe.

Tairi za zamani zinasema kitu

Kabla hazijatupwa, zitazame. Zikiisha pande zote mbili, zilikosa upepo. Zikiisha katikati, upepo ulizidi. Zikiisha upande mmoja tu, alaimenti imepotea au boljointi zimelegea. Zikiwa na mabonde mabonde, shokapu zimekufa au balansi haikufanywa. Kufunga tairi mpya juu ya ugonjwa huo ni kuzichinja. Tengeneza kwanza, kisha piga alaimenti siku tairi mpya zinapofungwa.

Ngapi? Nne zikiwezekana. Pesa ikibana, mbili za ekseli moja, saizi na meno yafanane, na ziende nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye mvua dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Mbele ikiteleza, kuachia mafuta mara nyingi kunatosha. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma ni sumu. Pikapu nyingi zinaunganisha mbele na nyuma moja kwa moja ukiweka H4 (gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne), bila difu ya katikati. Vimo vikitofautiana na uko kwenye lami, shafti zinapigana mpaka kitu kiachie, na kwa kawaida kinachoachia ni kwenye gia boksi ndogo.

Kufunga

Ukingo upakwe maji ya sabuni. Grisi inaufanya uteleze kwenye rimu wakati wa breki, na petroli inaula mpira. Weka vali mpya. Ni kitu cha pesa kidogo na wengi huiruka. Kama kuna mshale ubavuni, ufuate mwelekeo wa kuzunguka. Doa la njano likiwepo, likae penye vali, kwa sababu ndipo tairi ilipo nyepesi. Fundi akipiga upepo ili ukingo ukae, asipite psi 40. Ukigoma, atoe upepo, apake sabuni, ajaribu tena.

Usikubali tyubu ndani ya tairi isiyohitaji tyubu, labda ya kukutoa porini. Inasuguana, inapata joto, na msumari ukiingia upepo wote unatoka kwa mpigo mmoja. Kwa Land Cruiser zenye 7.50R16 na rimu ya pete, tyubu na flepi (ukanda wa mpira unaoikinga tyubu na rimu) ni za lazima, na hapo kuna hatari nyingine: pete isipokaa vizuri inaruka kama risasi. Ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, au angalau pete ikiwa imetazama chini na mnyororo umeizunguka, na mtu asiiname juu yake.

Upepo ufuate kibandiko: safu ya gari tupu na safu ya gari lenye mzigo ni tofauti, hasa nyuma. Pima asubuhi kabla ya safari. Baada ya mwendo mrefu psi hupanda 4 mpaka 6. Ukizipunguza njiani, kesho asubuhi unaendesha tairi laini.

Nati zikazwe kwa msalaba, na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena. Kila kilomita 8,000, au 5,000 kama unashinda maramu, zungusha tairi zote tano zibadilishane nafasi. Ya tano ni ile iliyoning'inia chini ya bodi: ishushe uangalie kama mnyororo wake bado unazunguka, ipime upepo, na uifunge kwa kufuli.