Taa ya pili ya ukungu nyuma

Kaka, umeuliza kama unaweza kuongeza taa ya pili ya ukungu nyuma, maana gari lako linayo moja tu, upande wa kulia, na kila wiki unapita Isyonje, penye ukungu, kwenda Tukuyu. Unaweza. Kanuni za kimataifa za taa zinaruhusu moja au mbili.

Kwanza fungua taa ya kushoto uichungulie kwa ndani. Magari mengi yana nafasi ya balbu pale, imezibwa tu. Ukiikuta, unahitaji holda, balbu ya wati 21 na waya. Ukifunga taa mpya kabisa, iwe zaidi ya sentimita 10 kutoka taa ya breki. Hilo usilipuuze: alfajiri ukungu ukitanda, wa nyuma yako anaona wekundu tu, na taa zikibanana hatajua umekanyaga breki.

Balbu mbili zinakula kama ampea 3.5. Fundi asidandie tu waya wa zamani, aweke rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi yake. Pale pa ethi, yaani waya wa taa unapofungwa kwenye bodi ya gari, akwangue rangi mpaka chuma king'ae, la sivyo taa itafifia.

Ukungu ukiisha, zima. Zinamuumiza macho sana anayekufuata.