Umeme ukikatika siku tatu Mtwara: maji, friza, na ule umeme unaorudi

Mkuu, wewe wa Shangani hapa Mtwara, umeuliza: nyumba ya watu sita, friza moja ya samaki, hela ipo ya jenereta ndogo tu, uanze na nini kabla mvua hazijachanganya? Kwangu mimi jenereta ije mwisho. Giza tunalizoea. Hasara ipo kwenye maji, kwenye samaki, na kwenye umeme unaporudi kwa fujo.

Usipange kana kwamba umeme utakatika kwa muda wa saa tatu nne tu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuja na mvua zilizokata barabara ya Dar pale Somanga, na njia ikikatika hivyo hata petroli na vifaa vya mafundi huchelewa. Tena kiliingia Mei, wakati wengi huku tunahesabu msimu umeisha Aprili.

Maji kwanza, maana pampu haina umeme na simtanki haijai. Lita 15 kwa mtu kwa siku, watu sita, siku tatu: lita 270, yaani madumu 14 ya lita 20. Ukilazimika kuchota kisimani baada ya mafuriko, kidonge cha dawa ya kutibu maji cha miligramu 67 kinatosha dumu moja la maji maangavu, usubiri nusu saa. Yenye tope yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa ndipo utie dawa. Tope huila dawa yote.

Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hubaki na vitu vimeganda kama saa 48. Iliyo nusu ni kama 24. Kwa hiyo ziba nafasi kwa chupa za maji za lita moja na nusu, ila acha vidole vinne juu, maana maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka. Gandisha pia kikombe cha maji, uweke sarafu juu ya barafu. Ukiikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka yote hata kama sasa imeganda tena.

Samaki mwenye chembe za barafu anarudi friza. Aliyelegea lakini bado wa baridi kabisa, mkaange au mpige chumvi saa hiyo hiyo. Aliyekaa kwenye joto zaidi ya saa mbili ni wa kutupa, na hapa watu hubisha: "mbona hanuki?" Kibua na jodari hutengeneza sumu ya kuwasha na kuvimbisha uso kabla ya harufu kutoka, na moto hauiondoi.

Sasa umeme unaporudi. Ukikatika tu, chomoa friza, runinga na pampu, acha taa moja imewashwa. Ukirudi, iangalie taa hiyo dakika kumi. Ikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au inapanda na kushuka, zima meni swichi upige simu TANESCO: huenda nyutro, ule waya unaorudisha umeme, imelegea au imekatika. Hewa ya chumvi ya bahari yetu hula vibanio vya waya, upepo unamalizia, na volti 230 inaweza kupanda kuelekea 400. Kilinda friji chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano ni cha lazima. Kompresa, ile pampu ya gesi ya friza, iliyozimika ghafla bado ina presha upande mmoja. Ikilazimishwa kuwaka mapema, mota hukwama na kuungua.

LUKU: ingiza tokeni mapema. Bila umeme mita haipokei namba, na minara ya simu ikiishiwa betri hutanunua chochote.

Kwa mwanga, betri ya maji ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1,200, lakini tumia nusu tu, ukizidisha unaiua. Taa tatu za wati 5 kwa saa sita ni 90. Feni ya wati 50 usiku mzima ni 400. Imetosha hapo kwa usiku mmoja. Pasi na birika sahau.

Jenereta ukiipata, ya wati 800 mara nyingi hukohoa na kuzima friza inapoanza, kwa sababu kompresa huvuta mara tatu hadi tano ya wati zake wakati wa kuwaka. Kubwa kidogo, ikifanya kazi kwa muda wa saa mbili tatu, asubuhi na tena jioni, inalinda friza. Ikae nje, mita sita kutoka dirishani. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua lina gesi ile ile. Jenereta usiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Umeme hurudi mpaka kwenye transfoma, unapandishwa kufika volti 11,000 au 33,000, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Fungiwa chenji-ova, swichi inayotenganisha nyumba na laini ya TANESCO, na fundi mwenye leseni, au tumia ekstensheni moja kwa moja hadi kwenye friza.