Rejeta ya hita inatoboka tena na tena: usinunue ya tatu kabla ya kupima

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Makete, natumia Toyota Noah ya mwaka 1999. Kapeti ya mbele upande wa abiria inalowa, ndani kunanukia utamu utamu, na asubuhi nikiwasha hita kioo kinatanda ukungu unaoacha utelezi hata nikifuta. Fundi alifungua dashibodi akaweka rejeta ya hita ya mtumba, ikakaa mwaka mmoja. Akaweka mpya, nayo imevuja baada ya miezi minne. Safari hii nilimwomba aniachie ile mbovu. Nimeiosha na kuiangalia juani: ina vitundu kama vya pini katikati ya vibomba vyake. Injini haijawahi kuchemsha, ila inakula maji, naongeza ya bomba kila wiki. Mwaka jana nilifungiwa taa za ukungu kwa ajili ya barabara ya Njombe. Fundi anasema tununue ya tatu au aikate hita kabisa. Nifanyeje? – Mwalimu, Makete

JIBU: Marahaba mwalimu. Umefanya jambo la maana sana kudai kile chuma kibovu, maana ndicho kinachosema ugonjwa uko wapi. Rejeta ya hita, ile ndogo iliyo ndani ya dashibodi, ikipasuka kwenye maungio ya kingo zake, natafuta presha iliyozidi. Ikivunjika shingoni, pale mipira inapoingia, najua kuna mtu aliizungusha mipira kwa nguvu badala ya kuikata. Ikiwa yenyewe ni kavu na maji yanatokea kwenye kiungo, ni oringi, yaani kile kipete cha mpira cha kuzuia uvujaji, ya zamani iliyorudishwa. Lakini vitundu katikati ya vibomba, na kwenye rejeta ya miezi minne, hiyo imeliwa na kutu kutoka ndani. Ukiweka ya tatu kwenye maji yaleyale italiwa vilevile.

Kinachoila ni kimoja kati ya viwili, na kwa barua yako nahofia vyote vipo. Cha kwanza ni maji ya bomba. Kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, si rangi tu. Ina dawa inayozuia maji yasishambulie alumini, chuma na shaba vinavyokaa pamoja kwenye mfumo mmoja. Kila wiki unapoongeza maji matupu unaizimua dawa hiyo, mpaka inabaki rangi peke yake. Vibomba vya hita vina ukuta mwembamba sana, basi mara nyingi hutangulia kutoboka.

Cha pili ni hizo taa za ukungu, ulizozitaja kwa kupita. Taa ikifungwa na athi yake, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, ikawa dhaifu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na maji ya rejeta ni njia mojawapo. Umeme mdogo ukipita humo siku baada ya siku hula alumini haraka mno. Nimeona mafundi wazuri wakibadilisha vipuri mfululizo bila kushika mita ya volti hata mara moja, na inaniuma, kwa sababu mteja ndiye anayelipa.

Kipimo ni cha dakika chache. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta kubwa. Usikiguse ikiwa ya moto, maji yatakuruka usoni. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mweusi uguse hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji bila kugusa chuma. Soma kila kitu kikiwa kimezimwa. Ikizidi volti 0.3, maji yenyewe yameharibika na yanafanya kazi ya betri. Kisha fundi apige stata, awashe taa kubwa, feni ya hita, na mwisho taa za ukungu, kimoja kimoja. Namba ikiruka kwa kifaa fulani, athi ya kifaa hicho ndiyo mbovu. Ikiruka wakati wa stata, akague waya mnene unaotoka betri kwenda bodi na injini: aufungue, asugue kutu mpaka chuma king'ae, aukaze.

Baada ya hapo ndipo unanunua rejeta, na si ile ya bei ya chini kuliko zote dukani. Kabla ya kuifunga, mfumo usafishwe kwa maji ya mpira, taratibu, mpaka yatoke meupe. Asitumie upepo wa kompresa, hupasua vibomba. Oringi na klampu ziwe mpya. Kifuniko cha rejeta kubwa kiwe na namba ileile ya presha inayotakiwa na gari lako, kimegongwa 0.9 au 1.1 juu yake, na wengi hufunga chochote kinachoingia. Dawa ya kuzibia rejeta msiimwage humo, itaziba vibomba vya hita kabla haijaziba tundu.

Kulanti ya kuchanganya iwe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, lakini hakikisha chupa haina asidi. Ile iliyochanganywa kiwandani usiizimue. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila miaka 2 au kilomita 40,000. Najua bei yake, lakini linganisha na gharama ya kufungua dashibodi mara tatu.

Noah nyingi zina hita ya pili nyuma, na mabomba yake hupita chini ya sakafu. Fundi ayaangalie akiwa huko, maana yakioza maji yatapungua na mtailaumu ya mbele.

Kuhusu kuikata hita: fundi anaweza kuunganisha mipira miwili ili maji yasipite ndani, na wakati unasubiri kipuri afanye hivyo, kwa sababu maji ya moto yakipasuka yatamwagikia miguu ya abiria. Lakini usiiache hivyo Juni ikufikie. Mtu wa Tanga anaweza kuishi bila hita. Kwenye ukungu wa Makete hita ndiyo inayokuonyesha barabara. Kwa sasa washa kiyoyozi pamoja na feni ya kioo, hewa kavu itasaidia.

Na kapeti itoeni, muioshe pamoja na sufi ya chini yake, muianike. Kulanti ni tamu na ni sumu, mtoto au mbwa asiilambe.

SWALI: Kapeti ya gari langu imelowa upande wa abiria na makanika ananiambia ni hita. Maji hayana rangi wala harufu, na hutokea nikitumia kiyoyozi tu. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Si hita hiyo. Ni maji ya kiyoyozi yanayokosa pa kutokea. Chini ya gari kuna kimpira cha kuyatoa, kimezibwa na vumbi. Mwambie akitafute akizibue kwa waya laini, na asiiguse dashibodi.