Baiskeli haitakufundisha kushuka mlima: jibu kwa ndugu wa Rotterdam anayejiandaa kwa Sierre-Zinal

Ndugu, usimamishe mpango huo wiki hii hii. Umeandika humu kundini kwamba unaishi Rotterdam, kwamba umepata nafasi ya kukimbia mbio za mlima za Sierre-Zinal huko Uswisi mwezi Agosti, kwamba mwezi Juni utapanda mlima Mont Ventoux wa Ufaransa kwa baiskeli, na kwamba mkufunzi wako amekupangia siku nne za baiskeli na siku moja ya kukimbia kwenye tambarare kando ya mto, kwa hoja kwamba moyo hautofautishi pedali na kiatu. Kisha ukauliza ununue viatu gani, ufunge gia zipi, uchukue fimbo au usichukue, na ule nini njiani. Hayo yote yanajibika, lakini hakuna hata moja kati yake litakalokufikisha Zinal ukikimbia ikiwa miguu yako haijawahi kushuka mlima.

Sentensi hiyo ya moyo na pedali naifahamu neno kwa neno, kwa sababu niliinunua. Niliuziwa na mkufunzi wa mtandaoni pamoja na ratiba ya miezi mitano, majedwali ya mapigo ya moyo, na ahadi kwamba ningefika kwenye Alpi nikiwa na mapafu ambayo wakimbiaji wa kawaida hawana. Kwa upande wa mapafu hakunidanganya, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa mpango wenye nusu ya ukweli hukupa matokeo mazuri kila wiki na hukuficha upungufu wake mpaka siku ya mbio. Baiskeli hujenga moyo, huongeza uwezo wa damu kubeba oksijeni, na hukuwezesha kufanya kazi kwa saa nyingi bila kuyaponda magoti. Ndiyo maana wakimbiaji wengi wa milimani huitumia, na mimi mpaka leo naendesha. Kosa ni kudhani kwamba mbio za mlima zinaishia kwenye kupanda.

Yatazame mazoezi hayo kwa jicho la paja lako. Unapokanyaga pedali, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikifupika, na pedali inapofika chini mguu hupumzika, kwa kuwa hakuna uzito unaouangukia. Kwenye mteremko mambo hugeuka. Kila hatua, mwili mzima unaangukia mguu mmoja, goti linapinda, na paja linalazimika kukaza wakati huohuo linapovutwa na kurefushwa, ili kukuzuia usiporomoke. Kukaza huku misuli ikirefuka ndiko kunakochana nyuzi zake za ndani. Maumivu huja baadaye na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, lakini nguvu haisubiri siku ya pili: inapotea palepale mlimani, ukiwa bado una kilomita za kwenda. Mtu anaweza kuwa na moyo wa simba, mapigo yametulia, pumzi ipo, na bado asiweze kuteremka hatua kumi bila kushika mti. Saa ya mkononi haitakuonya, kwa sababu inapima moyo.

Sasa uangalie mbio zenyewe ulizojiandikisha. Watu huitazama Sierre-Zinal na kuona mwinuko tu: kilomita 31, mita 2,200 za kupanda, kutoka Sierre iliyo chini kidogo ya mita 600 hadi Nava, sehemu ya juu kabisa ya njia, kwenye mita 2,425. Kinachosahaulika ni mita 1,100 za kushuka. Zinal iko kwenye mita 1,680 hivi, maana yake kati ya Nava na utepe wa mwisho kuna zaidi ya mita 700 za mteremko, na unakabidhiwa deni hilo mwishoni, baada ya miguu kupanda kwa saa nyingi. Umeongeza kwamba Mkenya Philemon Kiriago alishinda mbio hizo mwaka 2023, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki milima tunayo damuni. Naomba hilo nalo uliweke kando. Kiriago ni mwanariadha ambaye kazi yake ni kukimbia milimani. Wewe unakaa ofisini katika nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari au juu yake kidogo tu, na paja lako linajua lile tu ulilolifanyisha miezi hii ya karibuni.

Mbio zangu zilikuwa upande wa Bavaria, karibu na mpaka wa Austria, na mteremko wake ulikuwa mrefu kuliko wa kwako. Kupanda kulikwenda kama mkufunzi alivyoahidi. Niliwapita watu kwa makundi, nikafika juu nikiwa na pumzi ya kuzungumza, nikaamini kwamba kazi imekwisha. Baada ya muda mfupi wa kuteremka nilianza kuhisi mapaja yanatetemeka kila ninapokanyaga, kisha goti la kulia likaanza kukubali kupinda lakini likikataa kunyooka kwa wakati. Nilianguka kwenye changarawe mara ya kwanza, nikaamka. Nilianguka tena, nikaanza kutembea. Wazee wenye umri wa baba yangu, ambao niliwaacha mbali wakati wa kupanda, walinipita wakiongea habari za bustani zao. Sehemu ya mwisho yenye mwinamo mkali niliishuka kinyumenyume, uso ukitazama mlima, mikono ikishika waya wa uzio wa malisho, kwa sababu hiyo ndiyo namna pekee ambayo mapaja yalikubali.

Lililofuata ndilo linalonifanya nikuandikie usiku huu badala ya kupita kimya. Katika orodha ya vifaa vya lazima, mkufunzi yule alikuwa ameandika vidonge vya ibuprofeni: kimoja katikati ya mbio, kingine kabla ya mteremko wa mwisho, "ili miguu isilalamike". Nilivimeza. Kesho yake mkojo ulitoka na rangi ya chai ya mkandaa, na mapaja yalikuwa yamevimba hata suruali haikupita. Hospitalini nilitundikiwa dripu na damu ikapimwa asubuhi na jioni. Daktari alinieleza taratibu kwamba misuli ikichanika kwa wingi humwaga protini yake kwenye damu, kwamba figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuichuja, na kwamba dawa za jamii ya ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo saa ileile zinapoihitaji zaidi, hasa kwa mtu aliyekwisha kupoteza maji mengi kwa jasho. Figo zangu zilipona. Kiangazi chote kilikwenda, safari ya baiskeli niliyoipanga na wenzangu ilikwenda bila mimi, na kano iliyo chini ya kilegesambwa, yaani kifuniko cha goti, iliendelea kuuma mpaka baridi ilipoingia.

Nilimwandikia mkufunzi kueleza yaliyotokea, nikiambatisha majibu ya damu, kwa kuwa nilidhani angependa kujua na kuwaonya wateja wengine. Alijibu kwamba wateja wengine hawakupata shida hiyo na kwamba huenda sikuwa na uthabiti wa akili. Mtu aliyelipwa kunifundisha mbio za mlima hakuwa ameniandikia hata zoezi moja la kuteremka, kisha akaniandikia dawa bila kuwa daktari, kisha akaulaumu moyo wangu uleule aliojivunia kuujenga. Ninamlaumu bila kupunguza neno. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sentensi yake bado inatembea na imekufikia wewe kupitia mtu mwingine. Huyo wako pengine ni mwendesha baiskeli mzuri na ana nia njema, lakini kama hajakuwekea mteremko kwenye ratiba, hajakuandaa kwa mbio ulizolipia.

Kwa hiyo kanuni ni hii: shuka kwa miguu kila wiki, kuanzia wiki hii. Misuli ina tabia moja nzuri ambayo watafiti wa mazoezi wameithibitisha mara nyingi. Ikipewa mteremko wa kiasi, ikauma, kisha ikaachwa ipone, mteremko wa pili unaofanana na ule wa kwanza huiumiza kwa kiwango kidogo zaidi, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Haijengwi na moyo wala na pedali. Inajengwa na paja kubeba uzito likirefuka. Kano na viungo navyo hukomaa polepole kuliko mapafu, ndiyo maana huwezi kuahirisha jambo hili hadi Julai kisha ukalibana katika wikiendi mbili za kujiumiza.

Najua utasema Rotterdam hakuna mlima. Kuna majengo marefu. Jengo la ghorofa ishirini lina takribani mita 60 za ngazi, na ukipanda kwa lifti na kushuka kwa miguu mara tano umepata mita 300, ambazo kwa mtu wa tambarare ni mwanzo unaotosha kabisa. Anza hapo, ushuke kwa utulivu ukiwa karibu na reli ya ngazi ili uishike ukihitaji, na usishangae siku ya pili ukikaa kwa shida. Nyumbani fanya zoezi la kusimama kwenye ngazi moja kwa mguu mmoja na kuushusha mguu wa pili hadi chini kwa kuhesabu polepole hadi nne. Halihitaji kifaa chochote. Mwisho wa juma panda treni hadi Maastricht, uendelee hadi vilima vya kusini mwa Limburg, mkoa ulio kusini-mashariki mwa Uholanzi. Kilima cha Vaalserberg huko kina mita 322 tu juu ya usawa wa bahari, lakini ukipanda na kushuka kilima chenye tofauti ya mita 100 mara nyingi utakavyoweza, mita zinajumlika, na paja halijali kama umezipata kwenye kilima kimoja kikubwa au kidogo kilichorudiwa. Ardennes ya Ubelgiji nayo haiko mbali, na huko miteremko ni mirefu zaidi. Ongeza hatua kwa hatua, mpaka wiki chache kabla ya mbio uwe umeshuka mita 1,000 hadi 1,200 katika siku moja bila miguu kutetemeka. Mteremko mkubwa wa mwisho uuweke wiki mbili hadi tatu kabla ya Sierre-Zinal: ukiuweka karibu zaidi utafika na misuli iliyochanika, na ukiuweka mbali sana kinga itaanza kupungua.

Namna ya kushuka nayo ina umuhimu wake. Hatua ziwe fupi na za haraka, goti liwe limelegea kidogo wakati mguu unagusa ardhi, na mguu utue chini ya mwili wako wala si mbele yake. Anayeogopa huegemea nyuma na kupiga kisigino, na hapo kila hatua inakuwa breki nzima inayobebwa na paja. Macho yatazame mita chache mbele, si kwenye ncha za viatu. Haya yanajifunzwa kwa mwili, ndiyo maana saa moja ya kuteremka na mtu anayejua ina faida kuliko video nyingi.

Baiskeli usiiuze. Siku mbili au tatu baada ya mteremko mzito, mapaja yakiwa yamekaza, ndipo baiskeli laini isiyo na mlima inapokufaa, kwa kuwa moyo unafanya kazi bila kuichana misuli upya. Mont Ventoux pia uende. Kutoka kijiji cha Bédoin ni kilomita 21 hivi za kupanda hadi mita 1,910, na utazifurahia. Ila usirudi nyumbani siku inayofuata: baiskeli ibaki ulikolala, ufuate njia za miguu za mlima uleule kadiri unavyoweza kupanda, kisha ushuke kwa makini. Tayari umelipia safari ya kwenda kwenye mlima wa kweli, na kurudi Rotterdam ukiwa umeuteremka kwa magurudumu peke yake ni kupoteza nafasi ambayo Uholanzi haitakupa.

Kuhusu viatu, chagua vyenye nafasi ya kutosha mbele ya vidole, kwa sababu kwenye mteremko mguu husogea mbele na kucha ndizo zinazogonga. Vijaribu ukiwa umesimama kwenye ubao ulioinama. Vidonge vya maumivu usiviweke kwenye begi la mbio hata kama mtu mwenye medali atakwambia ni kawaida. Na ikiwa baada ya mteremko wowote mkojo wako utakuwa mweusi, au mapaja yatavimba na kukosa nguvu badala ya kuuma tu, usije humu kuuliza. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaeleze kwamba ulikuwa ukikimbia mlimani na umekunywa dawa gani.

Mwonyeshe mkufunzi wako ujumbe huu kama ulivyo, umwombe akuonyeshe siku ya kushuka kwenye ratiba ya wiki ijayo. Ukishapata jibu lake, andika hapa ni lini utakwenda Limburg. Wapo ndugu humu wanaoishi Aachen, Ujerumani, ng'ambo ya mpaka tu kutoka mji wa Vaals ulio karibu na Vaalserberg, na nitawaomba mmoja wao ashuke nawe mara ya kwanza.